Siku Nilipouingiza Ukoo Wetu kwenye Mathayo

Wenzangu tuliokulia Kangemi kabla barabara kubwa haijapanuliwa, bila shaka mnakumbuka kwamba Jumapili ilikuwa na harufu yake. Ilianza na pasi ya makaa iliyonyunyiziwa maji kidogo kupimwa moto, yakafuata mafuta tuliyopakwa miguuni mpaka vumbi likashika na kutufumia soksi nyingine juu ya zile tulizovaa, halafu chai ya maziwa na mandazi ambayo tuliruhusiwa kuyatazama tu hadi turudi kanisani. Nikifumba macho hata sasa, nikiwa nimekaa ofisini huku mjini, ghorofa ya sita, honi za magari zikipanda kutoka chini, harufu hiyo hunijia taratibu nikajikuta nina miaka tisa, nimevaa gauni la manjano lisilo na mfuko.

Tulicheza kati kwa mpira wa makaratasi na nyuzi, tukaruka blada, tukajificha brikicho nyuma ya mabafu ya ploti mpaka wapangaji wakatufukuza kwa maji ya sabuni. Shuleni tulikunywa maziwa ya bure na kurudi nyumbani na masharubu meupe. Na tulikariri. Kila kitu tulikitia kichwani, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukiweka. Leo nikimweleza mwanangu hayo ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Juzi tulikuwa tunasoma Mathayo sura ya kwanza naye, yeye kwa simu, mimi kwa kitabu. Ile orodha yote ya akina Ibrahimu na wajukuu zao aliipitisha kwa kidole gumba kimoja, fyuu, akatua kwa malaika. Nikamuuliza mbona ameruka. Akaniambia hapo juu ni majina tu.

Majina tu. Nilitaka kumpokonya hiyo simu. Nikajizuia, nikaamua afadhali niandike.

Baba yangu, Mzee Wanjala, alikuwa fundi seremala. Banda lake lilikuwa karibu na soko, na jioni aliporudi nyusi zake zilikuwa zimejaa unga wa mbao. Alinawa, akaketi, na kabla mkono wa mtu haujagusa ugali alituuliza mmoja mmoja swali lilelile la kila siku: wewe ni nani? Nami niliinuka nikajibu, "Mimi ni Nekesa wa Wanjala, wa Simiyu, wa Barasa, wa Makokha." Kisha mdogo wangu Simiyu, aliyepewa jina la babu, akayasema hayohayo huku jicho likiwa kwenye sufuria. Ukikwama, ulianza upya, na ugali ukapoa. Kule kwao Bungoma, Baba alisema, mzee yeyote akikukuta njiani atakuuliza wewe ni wa nani, na usipojua kujibu umemwaibisha aliyekuzaa. Huku Kangemi watu wanauliza tu unakaa ploti gani. "Nairobi hakuna mtu atakayekuuliza," alituambia. "Ndiyo maana nawauliza mimi." Mdogo wangu alilichukulia swali hilo kwa uzito wake wote. Siku yake ya kwanza darasa la kwanza mwalimu alimuuliza jina, akainuka akataja wazee wanne, na mwalimu akamwambia rejista haina nafasi ya kijiji kizima.

Kanisani nako kulikuwa na Mwalimu Mutua. Huyu alikuwa Mkamba wa Machakos, karani katika ofisi ya serikali mjini, mtu mpole aliyevaa koti moja la kahawia wiki nzima na kulipumzisha Jumamosi. Jumapili alitufundisha sisi watoto nyuma ya kanisa letu la mabati. Mwaka huo aliamua kwamba siku ya watoto ikifika, mmoja wetu atasimama mbele ya wazazi na kukariri ukoo wote wa Yesu, kutoka kwa Ibrahimu mpaka mwisho. Tulidhani ametuchoka. Kumbe alikuwa na mbinu yake. Alikwenda kwao akarudi na kamba nyembamba za katani, zile ambazo mamake na majirani walisokota za kufumia vyondo, akatugawia kila mmoja yake. Kila mwanamume kwenye orodha tulimfungia fundo moja. Kila mwanamke tulimfungia uzi mwekundu wa sufu kwenye fundo. Ulikuwa unapitisha vidole polepole, fundo kwa fundo, mdomo ukifuata: Ibrahimu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo. Nilikuwa naipitisha kamba yangu hata chini ya dawati shuleni, na usingizi ukinichukua nikiwa kwa wafalme, nilihisi nateremka ngazi ndefu isiyoisha, huku wazee wenye ndevu wakinipisha.

Nyuzi nyekundu zilikuwa chache mno, tukauliza kwa nini. Tulimjua Sara, tulimjua Rebeka, na hawamo. Walioko, kabla ya kumfikia Mariamu, ni Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule ambaye hata jina lake halisemwi, anaitwa tu mke wa Uria. Mwalimu Mutua alijikuna shingo. Akasema, "Hawa, watu waliwasema sana. Mathayo akaona afadhali awataje yeye, mbele ya wote." Habari za Tamari alikataa kutusimulia, akasema tutazisoma tukiwa wakubwa. Basi tulizisoma jioni ileile.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kukariri, kwa sababu nilikuwa na mdomo na sikuogopa watu.

Sasa kulikuwa na orodha ya tatu, na hii ilikuwa ya Mama. Mama aliuza mboga za kienyeji sokoni. Alasiri alikaa mlangoni kwenye kigoda, beseni miguuni, akichambua sagaa na mrenda, na huku akichambua alikuwa akiomba kwa sauti ya chini sana, tawi moja jina moja. Mlinde Nekesa. Mlinde Simiyu. Mlinde Jairo. Nilikuwa nakaa karibu naye nikimsaidia, harufu kali ya yale majani mikononi, jua likiingia kwa pembeni, na majina hayo yalikuwa yananibembeleza. Nyumba yetu haikuwa na Jairo. Siku moja nilimuuliza Mama ni nani. Mikono yake haikusimama. "Ni mtu wangu," akasema. "Na jina hilo likae hapa kwa mboga, usilipeleke mezani." Mimi nikajua ni yule Jairo wa kwenye Injili, yule aliyekuwa na binti mgonjwa, nikashangaa kwamba mpaka leo bado anahitaji kuombewa.

Kweli yenyewe niliielewa baadaye. Jairo alikuwa mwana wa Mama, aliyemzaa kabla hajaolewa na Baba. Kwetu mtoto wa namna hiyo hubaki kwa wazazi wa mamake. Baba alipomwoa Mama aliweka sharti moja: kijana akae kwa nyanya yake huko Webuye, na jina lake lisitajwe ndani ya nyumba yake. Mama alikuwa na miaka ishirini, akakubali. Hapa Nairobi hakuna aliyejua. Kangemi nzima ilimwita Mama Nekesa, kwa jina langu mimi, kana kwamba mimi ndiye kifungua mimba. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Lakini mwaka ule nyanya alikuwa amezeeka, hana nguvu tena, na Jairo alikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa amemwomba Baba mara mbili amlete kijana asome Nairobi. Baba alikataa mara mbili, na ya pili alimwambia asirudie tena.

Siku ya watoto ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Akina mama walikuwa wamevaa vitambaa vyeupe, Mama mstari wa mbele, Baba upande wa wanaume na koti lake la harusi. Nilipoitwa nilitembea mbele kwa maringo kabisa. Hapo ndipo nilipopeleka mkono kutafuta kamba yangu, na gauni la manjano halikuwa na mfuko. Kamba ilikuwa nyumbani, chini ya mto.

Nikaanza hivyo hivyo. Akina Ibrahimu walikwenda vizuri. Kwa Daudi sauti ilipanda, watu wakatikisa vichwa kwa furaha. Wafalme wote niliwamaliza bila kupumua, nikawahamisha Babeli, nikafika Shealtieli akamzaa Zerubabeli. Na Zerubabeli akamzaa. Akamzaa nani? Vidole vyangu vilikuwa vinasugua hewa, vikitafuta fundo. Mwalimu Mutua alikuwa ananifungulia mdomo kutoka pembeni, lakini sikuona kitu. Mdomo wangu, ambao kwa miezi miwili ulikuwa ukipokea orodha hizi zote kwa mwendo uleule mmoja, haukutaka kusimama. Ukashika iliyokuwa karibu.

"Zerubabeli akamzaa Makokha," nikasema. "Makokha akamzaa Barasa. Barasa akamzaa Simiyu. Simiyu akamzaa Wanjala."

Kanisa likaangua kicheko. Hata mchungaji alishika meza. Nikaona wanafurahi, nikajua nimepatia, nikaongeza mwendo. Na kwa vile Mwalimu alikuwa ametufunza kwamba pengine mama naye hutajwa, nami sikumwacha. "Wanjala akamzaa Nekesa na Simiyu kwa Rodha," nikasema. "Na Rodha akamzaa Jairo."

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma. Wanawake waligeuka kumtazama Mama. Jairo gani? Baba alikuwa anatazama sakafu, mshipa wa shingo umesimama. Mimi sikujua nimefanya nini, ila nilijua kwamba nimevunja kitu kikubwa. Mchungaji alifungua mdomo ili aseme ni utoto tu, tuendelee. Njia ya kutokea ilikuwepo. Mama angenyamaza tu, watu wangecheka tena, ikaisha.

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, na siku hiyo alionekana mfupi zaidi. "Mtoto hajakosea hapo," akasema. "Jairo ni wangu. Ndiye wa kwanza."

Akaketi. Hakuna aliyejua la kufanya, mpaka Mwalimu Mutua akaanzisha wimbo kwa sauti yake mbaya na watu wakaushika kwa shukrani.

Tukarudi nyumbani. Baba alitembea mbele peke yake njia nzima. Jioni hakutuuliza sisi ni nani. Tulikula ugali ukiwa moto, kwa mara ya kwanza maishani, na haukupita kooni. Jumatatu vilevile, Jumanne vilevile. Mama aliacha uenyekiti kabla hajaulizwa. Mlangoni alichambua mboga bila kutaja jina la mtu, na mimi nikikaa karibu naye nilitamani anipige basi tumalizane, lakini hakunipiga. Nilimwambia anisamehe. Akanijibu kwamba amelibeba jina hilo kimya miaka mingi na kifua kilikuwa kinamuuma, sasa kimepoa hata kama nyumba haina amani.

Mwalimu Mutua ndiye aliyetuokoa, ingawa sidhani alikusudia. Alinitumia ujumbe kwamba Jumapili inayofuata nirudie orodha yote, safari hii bila kuongeza ndugu zangu, na mzazi anisikilize nyumbani. Mama akakataa kunisikiliza, akaniambia nimpelekee Baba. Nilikwenda, Biblia mkononi, siku ya Alhamisi alipotoka kazini. Baba hakuwa msomaji mkubwa. Aliweka kidole kinene chini ya kila jina na kukisogeza nami nikikariri, unga wa mbao ukidondoka kwenye ukurasa. Safari hii nilikuwa na kamba yangu. Nilipita Zerubabeli salama, nikapita wale wazee wa mwisho ambao hakuna anayewajua, nikafika. Yakobo akamzaa Yusufu, mumewe Mariamu, aliyemzaa Yesu.

Kidole cha Baba kilibaki pale. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Yusufu je, amemzaa nani?" akauliza.

"Hajamzaa mtu, Baba. Hapo ndipo inapoishia."

Alisoma tena mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akasema polepole, "Kwa hivyo wazee wote hawa, Ibrahimu, Daudi, wote, wanamfikia Yesu kwa kupitia mtu ambaye si babake."

Nikasema lile nililolijua, kwamba Mwalimu alituambia Yusufu alikuwa fundi seremala.

"Najua alikuwa fundi," Baba akasema, akafunga kitabu.

Jumamosi asubuhi alirudi kutoka bandani na mbao begani. Akaziweka uani katikati ya ploti, mahali ambapo wanawake wote walikuwa kwenye bomba wakifua, akaanza kupiga randa. Jirani akamuuliza ni kitanda cha mteja gani. Akasema ni cha nyumbani. Harufu ya mbao mbichi ilijaa ploti nzima, maranda yakijikunja na kuanguka miguuni pake, na mimi na Simiyu tukayaokota tukayavaa masikioni. Baba alipima kwa jicho, hakuridhika, akainua uso kuelekea mlangoni kwetu akaita kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mama Jairo, niletee futi."

Wanawake waliacha kufua. Mama alikuja mlangoni akasimama, amejishika kwenye fremu. Kisha akaingia ndani, akachukua futi, akaileta, na Baba akaipokea kana kwamba hajasema jambo lolote. Mimi nilikwenda nyuma ya mabafu nikalia. Niseme ukweli, sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu alikuwa Mama Nekesa tangu nijue kusikia, na sasa nimenyang'anywa mama kwa neno moja. Ilinichukua muda mrefu kumsamehe Jairo kwa kuzaliwa kabla yangu.

Jumapili nilikariri bila kosa hata moja. Watu waliokuja kusubiri nikosee walivunjika moyo.

Jairo alikuja likizo ilipofika, mrefu, mkimya, na begi moja na kuku mmoja. Watoto wa Kangemi walimcheka Kiswahili chake. Jioni ya kwanza Baba aliuliza swali lake, na zamu ya Jairo ilipofika kijana alisimama. Upande wa baba aliyemzaa hakuujua, hakuna aliyewahi kumfunza. Akataja wazee wa kwa mama yake, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea Wanjala, kisha akatuambia sisi wengine kwamba kuanzia kesho tutajifunza na upande huo pia. Tulinung'unika sana, ugali ulikuwa unapoa mara mbili. Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Wazee wa Bungoma hawakukubali kamwe kumhesabu Jairo kuwa wao, na Baba aligombana nao mpaka alipofariki. Lakini alimfunza kazi ya mbao, na leo Jairo ana karakana yake Riruta, kando ya Naivasha Road, na vijana anaowafundisha wanasema ana kisirani cha Mzee Wanjala.

Kwa hiyo mtu akiniuliza yale majina yanamfaa nini Mkristo wa leo, mimi sikusoma theolojia. Najua tu kwamba nyumba zetu nyingi zina jina ambalo halipelekwi mezani, na Injili imeanza kwa kuyapeleka majina kama hayo mezani, kabla ya malaika, kabla ya mamajusi, kabla ya muujiza wowote. Nikisoma pale namwona Yusufu akikubali, na namwona baba yangu na kidole chake kinene. Siku hizi nafundisha watoto Jumapili huku Uthiru. Ni werevu, nawapenda, lakini hawakosei. Nikisema Mathayo moja, simu inawasomea kwa sauti ya mtu asiyejulikana, hakuna jina linalomkwama mtu, hakuna anayeteleza kutoka kwa Zerubabeli akaangukia kwa babu yake. Wanamaliza haraka tunakwenda nyumbani mapema. Wakati mwingine natamani simu zote zizimike wakati mmoja, nisikie ni nani watakaotoka midomoni mwao.

Mama yangu anaishi nami sasa. Kumbukumbu inamtoka, si kwa ghafla, kama maji kwenye beseni lenye tundu dogo. Kuna asubuhi ananiita kwa jina la dada yake, kuna asubuhi ananishukuru kama mgeni aliyempikia uji. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki hapa karibu. Nesi, msichana mdogo mwenye kucha ndefu na tableti, alimuuliza jina, Mama akamtazama tu. Akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, hakuna. Akamuuliza huyu aliyekuleta ni nani. Mama alinigeukia akanichunguza uso kwa upole, kisha akatikisa kichwa, hajui. Nesi naye alikuwa mtoto wa watu, akaona haya, akajaribu kumsalimia kwa heshima ya mtaani. "Sawa, mama. Basi niambie, wewe ni Mama nani?"

"Mama Jairo," akajibu papo hapo, kwa sauti kubwa, mpaka walioketi kwenye benchi wakageuka.

Nesi aliniuliza Jairo ni nani. Nikamwambia ni kifungua mimba wake, aandike jina hilo kwanza, langu lifuate.